KARAFUU ZETU KARATU: SAFARI ILIYOISHIA MAKTABA

Ndugu wanachama, tangu turudi kutoka bara wengi wenu mmetusimamisha njiani, msikitini na kituoni tunapopima karafuu, mkatuuliza swali lile lile: zile pakiti za watalii zimefika wapi? Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kwa ukali, na mzee mmoja alituuliza mbele ya watu kama tumezitia zote katika pilau. Hatumlaumu. Fedha ni za chama, na mwenye mali hana budi kuuliza. Kwa hiyo leo twaeleza habari yote tangu mwanzo, na makosa yetu ndani yake, maana faida tuliyoipata katika safari ile hatukuipata mahali tulipoitazamia.

Mtakumbuka mkutano wetu ulivyokuwa. Hoja ilikuwa tamu kuisikia. Watalii wanakwenda Ngorongoro kutazama wanyama. Watalii wana fedha. Mtalii hapendi kurudi kwao mikono mitupu. Basi tufunge karafuu, mdalasini, pilipili manga na hiliki katika pakiti nzuri, tuzipeleke Karatu, mji wanaopita wote waendao huko. Mmoja wetu akachukua karatasi akapiga hesabu hadharani. Mwaka 2023 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8. Tuseme nusu yao wapita Karatu. Tuseme mmoja katika kila kumi anunue pakiti moja. Jumla ni pakiti 90,000! Mkutano ukapiga makofi, na shilingi milioni 6 zikatengwa kwa mradi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kuuliza hizo "tuseme" mbili zimetoka wapi. Twakiri kwamba sisi wenyewe tulipiga makofi kuliko wote.

Jambo moja la busara tulilifanya, nalo ni kuanza na pakiti 400 tu za kujaribia. Viungo tulivinunua kwa risiti na kuvisafirisha kwa vibali, kwa hivyo asije mtu akaleta maneno ya magendo. Tukavuka bahari mpaka Tanga, tukapanda basi la Arusha, na siku ya pili yake tukaingia Karatu, watu watatu na maboksi manne.

Karatu ni mji wa njia. Barabara ya lami itokayo Makuyuni yapita Mto wa Mbu penye migomba, yapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha yaingia Karatu kwenye udongo mwekundu, mahindi, ngano, na kahawa upande wa Oldeani. Wenyeji wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji hodari. Ukipita mji huo huchukui muda mrefu kufika lango la Lodoare, mwanzo wa eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lililotengwa mwaka 1959. Ndani yake kuna lile bonde mashuhuri la kreta, lenye kina cha mita 600 na upana wa kilomita za mraba kiasi cha 260. Baridi yake hatukuitazamia. Sisi watu wa pwani tulilala na makoti.

Siku mbili tulisimama kwenye maduka ya vinyago kando ya barabara, kwa ruhusa ya wenyewe. Magari ya watalii yalikuja mengi, hilo si uongo. Wageni walishuka, wakanyoosha miguu, wakazinusa pakiti zetu, wakatabasamu, wakaondoka. Tuliuza pakiti 11. Katika hizo, 4 alizinunua dereva mmoja wa safari kwa ajili ya mkewe.

Dereva huyo ndiye aliyetufumbua macho. Alisema: "Wazee wangu, shikamooni. Msikasirike nikiwaambia. Hawa wageni wangu kesho kutwa wanapanda ndege ndogo kwenda Unguja. Kule watatembezwa mashamba ya viungo, watapandiwa minazi na kuimbiwa, na watanunua huko huko. Kwa nini wanunue kwangu leo? Na ndege yenyewe inawaruhusu kilo 15 za mizigo."

Tulitazamana. Mtalii wa kaskazini aghalabu huanza na wanyama akamaliza na bahari. Jambo hili lajulikana na kila kijana abebaye mizigo uwanja wa ndege wa Kisauni. Wengi wetu tuna watoto wanaofanya kazi katika mahoteli ya Nungwi na Paje, na hatukuwauliza. Tulikuwa tumebeba maji kumpelekea mtu aelekeaye mtoni.

Siku ya tatu tukasema: basi tuache watalii, twende kwa majiko ya hoteli. Tukapata kuonana na mtunza stoo wa hoteli moja iliyo juu ya mji, mtu mstaarabu, akatupa chai na dakika kumi. Akatuuliza maswali matatu. Mwaweza kuleta kiasi gani kila mwezi, Januari mpaka Disemba? Bei yenu ikoje ukilinganisha na ya wauzaji wa jumla wa Arusha? Na pakiti zenu zina alama ya ubora? Tukajibu la kwanza kwa "inshallah", la pili kwa "tutazungumza", na la tatu kwa kunyamaza. Alitushukuru, akaturudishia pakiti yetu.

Jioni ile tulikaa kwa mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, tukamsimulia. Binti yake alikuwa likizo kutoka chuoni, anasoma mambo ya biashara. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba zangu, mbona haya mengine yapo maktaba? Sisi tukipewa kazi ya kubuni biashara, mwalimu hatusomei hata ukurasa mmoja mpaka tuonyeshe tumetafuta soko katika kanzidata." Tukamuuliza kanzidata ni mdudu gani. Akacheka, akasema twende naye Arusha akatuonyeshe.

Hivi ndivyo tulivyojikuta, watu wazima watatu wenye mvi, tumeketi mbele ya kompyuta katika maktaba ya chuo kimoja mjini Arusha. Chuo hicho hatukitaji, kwa sababu tuliingizwa kwa hisani tu. Mkutubi, bibi mmoja makini, alituwekea viti, akatueleza kwa lugha tuliyoifahamu. Kutafuta ovyo katika intaneti, alisema, ni kama kwenda sokoni siku ya mnada. Kila mtu anapiga kelele, na mwenye sauti kubwa si lazima awe na mali nzuri. Kanzidata ni ghala. Vitu vimepokewa, vimepimwa na kupangwa kwa mwandishi, kwa mwaka, kwa nchi na kwa mada. Hapo tukaelewa mara moja, maana nani ajuaye daraja la kwanza, la pili na la tatu kuliko sisi? Tofauti ni kwamba ghala lina mlango, na baadhi ya milango ina kufuli.

Kazi ikaanza, na mwanzo wake ulikuwa kichekesho. Binti aliandika neno la Kiingereza cloves, akaongeza Tanzania na soko. Zikaja makala kwa mamia, tukafurahi kama watu waliopata hazina. Tukafungua ya kwanza: kitunguu saumu. Ya pili: kitunguu saumu. Ya tatu: namna ya kupanda kitunguu saumu. Kumbe kwa Waingereza karafuu na punje ya kitunguu saumu zaitwa kwa neno moja! Mkutubi akatufundisha tutumie jina la kitaalamu, Syzygium aromaticum, na lile la zamani pia, Eugenia caryophyllata, kwa sababu maandishi ya kale yalilitumia. Mara zikabaki makala chache, lakini zote zetu. Wanachama mlionao watoto vyuoni, waandikieni majina hayo katika karatasi. Yatawaokolea siku nzima.

Jambo la pili alilotufundisha ni namba za forodha. Kila bidhaa ipitayo bandarini duniani ina namba yake, isiyobadilika kwa lugha. Karafuu ni 0907. Tangu mwaka 2012 imegawanywa: 090710 ni karafuu nzima, na 090720 ni iliyosagwa. Ukiwa na namba hiyo waweza kuingia katika kanzidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa iitwayo Comtrade, au ile ya Trade Map ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva, ukaona nchi gani imenunua karafuu, kutoka wapi, kwa dola ngapi, mwaka kwa mwaka. Hizi hazihitaji chuo. Ukijiandikisha, waweza kuzitazama hata katika kompyuta ya mjukuu.

Hapo tulikaa saa nyingi, na twaomba radhi tukikaa kidogo hapa pia, kwa sababu tulichokiona kinatugusa sote kuliko pakiti za Karatu. Tuliona India ikinunua nyingi. Tuliona Singapore ikinunua nyingi, tukashangaa kisiwa kidogo kama kile chala karafuu zote hizo vipi. Mkutubi akatuzindua: tazameni upande wa pili, mwone Singapore inauza ngapi. Kweli, yanunua na kuuza tena. Dubai ni vivyo hivyo. Wanunuzi wa namna hiyo ni madalali, na mtu akiwahesabu kuwa walaji atakuwa amehesabu gunia moja mara mbili. Tukaona pia kwamba hesabu alizoandika muuzaji hazilingani na alizoandika mnunuzi, hata kwa shehena za nchi hizo hizo mbili na mwaka huo huo. Hilo halikutushangaza hata kidogo. Nani kati yetu hajaona mzani wa nyumbani ukikataa kupatana na mzani wa kituoni?

Kisha tukafungua takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, zinazoanza mwaka 1961. Humo imeandikwa Tanzania tu. Zanzibar haikutajwa, lakini kwa karafuu kila mtu ajua maana yake ni Unguja na Pemba. Binti akazichora kwa mistari: sisi mstari mwekundu, Indonesia mstari wa buluu. Wazee wenzangu, ule mstari wa buluu!

Wazee wetu waliuza karafuu nyingi Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Ilikuwa kama mtu mwenye mteja mmoja tajiri asiyechoka kununua. Hatari ya jambo hilo ilikwisha kuonekana zamani, pale mwaka 1937 na 1938 wafanyabiashara wa India walipogoma kununua karafuu zetu kwa kuipinga sheria mpya ya karafuu iliyowekwa na serikali ya wakati ule. Lakini Indonesia haikugoma. Ilipanda. Katika miaka ya 1970 ilipanda mikarafuu kwa wingi ili ijitosheleze, na miche ile ilipozaa, mteja wetu akawa mshindani wetu, na mkubwa kutupita mbali. Mstari wa buluu wapanda, mwekundu washuka. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wakumbuka bei ilivyokuwa, na jinsi mashamba yalivyoachwa yakamea magugu, mikarafuu ikafa na pasiwe na wa kuipandikiza.

Mmoja wetu, ambaye baba yake aliuza shamba miaka ile, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mkarafuu unakaa miaka mingapi kabla ya kuzaa?" Sote twajua: miaka sita, saba, nane. Akasema: "Basi ilijulikana miaka saba kabla." Hatukuwa na la kumjibu. Miche haifichiki, mtu aliyekuwa akisoma habari za kilimo cha Indonesia wakati ule angaliiona ikitiwa ardhini. Hatusemi kwamba baba yake angaliweza kuzuia jambo, maana bei haikuwa mkononi mwake. Twasema angaliweza kupanda mdalasini.

Turudi Arusha. Baada ya karafuu tukatafuta habari za wageni wenyewe. Kuna uchunguzi wa wageni wanapoondoka nchini, uliofanywa mara kwa mara tangu mwaka 2001 na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Benki Kuu, Wizara ya utalii, Idara ya Uhamiaji na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Msafiri husimamishwa uwanjani au mpakani, akaulizwa ametoka wapi, alikuja kwa shughuli gani, alilala siku ngapi, alitumia fedha kiasi gani. Taarifa zake zimechapishwa na zasomwa bure. Katika kurasa hizo hesabu yetu ya pakiti 90,000 ilivunjika kama yai. Ile milioni 1.8 si watalii wa kreta. Ndani yake yumo mfanyabiashara aliyekuja kutoka Nairobi, na aliyevuka mpaka kutoka Burundi kuja kumwona nduguye. Wamo pia walioteremka Unguja moja kwa moja na wasiione Arusha hata kwa mbali.

Tulijifunza vilevile kutazama mwaka wa kila namba kabla ya kuitegemea. Mwaka 2019 wageni walikuwa kiasi cha milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, walikuwa laki 6 na ushei. Mtu aliyefanya mpango wake mwanzoni mwa 2020 kwa namba za 2019 hakukosea hesabu, ila hoteli zilifungwa. Tena hata katika mwaka mwema wageni hawaji sawasawa. Wengi huja Juni mpaka Oktoba, na tena kwenye sikukuu za Disemba. Masika, yaani Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga milango. Ndipo tukaelewa kwa nini yule mtunza stoo alitaja Januari mpaka Disemba.

Sasa kuhusu ile milango yenye kufuli. Zipo kanzidata za kibiashara, kama Statista, Passport ya Euromonitor, na Business Source ya EBSCO, ambazo vyuo vikubwa vya nje huzilipia ili wanafunzi wao wasome utafiti wa masoko. Ada yake ya mwaka yaweza kuumeza mradi wetu mzima na boti ya kurudia. Mpwa wa mmoja wetu asoma Uingereza, tukataka kumwomba neno lake la siri. Mkutubi akatukataza. Ruhusa ile amepewa yeye kwa masomo yake, alisema, na akitoa ufunguo kwa watu wengine aweza kufungiwa. Aulizwe swali, asiombwe ufunguo. Tulimsikiliza.

Lakini kuna mlango mwingine. Mpango uitwao Research4Life, ambao ndani yake imo AGORA ya kilimo iliyoanzishwa na FAO mwaka 2003, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo, nafasi ya kusoma majarida ya kitaalamu bure au kwa ada ndogo. Hupewa taasisi, si mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo tutamwandikia mkutubi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kumwuliza kama mwanachama wetu aweza kuketi katika maktaba yake na kusoma. Na bila ya ruhusa ya mtu yeyote, kila mmoja aweza kufungua hazina ya tasnifu za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Humo wanafunzi wetu wenyewe wameandika juu ya vitunguu, mpunga, maziwa na viungo. Twawaonya jambo moja tu: ukiona mtandaoni taarifa ya "soko la karafuu duniani" inauzwa kwa maelfu ya dola, na haisemi namba zake zimepatikana vipi, ifunge. Tuliona kadhaa, na moja ilikuwa na picha ya kitunguu saumu.

Ilikuwa katika tasnifu za Sokoine tulipokutana na Mang'ola. Hili ni bonde la joto upande wa Ziwa Eyasi, ndani ya wilaya ile ile ya Karatu, penye mifereji na vitunguu maji vinavyopelekwa mpaka Kenya. Tulipokwisha kusoma tukaona aibu kuondoka bila ya kufika, tukarudi Karatu na kuteremka huko kwa gari la mzigo. Ewe msomaji, ulikuwa kama mkutano wetu wenyewe, ila kwa vitunguu! Mkulima mmoja alitueleza habari za lumbesa, lile gunia lililoongezewa shingo juu mpaka lafanana na mnara, na likalipwa kama gunia moja. Alitueleza jinsi mnunuzi anavyokuja na bei aliyokwisha kuijua njiani, wakati mkulima aijua bei ya jirani yake tu. "Yeye ana simu tano," alisema, "mimi nina vitunguu vinavyooza." Tukamwonyesha Trade Map katika simu ya binti, tukatafuta vitunguu kwa namba yake, 070310. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, na hili lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyoyauliza sisi siku ile maktaba: "Hii yaonyesha ya mwaka jana. Ya Jumatatu ijayo iko wapi?"

Ya Jumatatu ijayo haiko maktaba. Hili twataka mlielewe vizuri, asije mtu akafikiri tumerudi na dawa ya kila ugonjwa. Hapana kanzidata iliyotuambia jiko la Karatu latumia pilipili manga kiasi gani. Tulirudi kwa yule mtunza stoo, safari hii na maswali yaliyoandikwa, akatupa saa nzima badala ya dakika kumi. Akafungua daftari lake. Karafuu kilo moja humtosha mwezi na zaidi, maana karafuu tatu zatosha sufuria zima! Pilipili manga na mdalasini hununua zaidi sana. Akatuambia hataki pakiti ndogo zenye picha ya jahazi, ataka mfuko wa kilo uliofungwa vizuri, wenye tarehe na alama ya ubora. Na akatuuliza kama twaweza kupata mafuta ya makonyo, yale yatokayo mitamboni kwetu Pemba, kwa ajili ya chumba cha kukanda wageni. Katika boksi zetu nne hatukuwa na hata chupa moja.

Jambo jingine tuliliona wenyewe, na latutia haya. Siku zote hizo tulikuwa tukiwatazama wageni wapitao, tukawasahau wenyeji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wilaya ya Karatu watu 230,166, na sensa ya 2022 imekwisha kupita. Watu hao hukaa penye baridi na hunywa chai asubuhi na jioni, mwaka mzima, masika na kiangazi, watalii waje wasije. Katika maduka ya mtaani tuliona karafuu zimefungwa katika vikaratasi vya punje chache, na nyingine zilikuwa makonyo matupu yasiyo na vichwa. Mwenye duka alipozinusa zetu alifumba macho. Akataka vifuko vidogo vya bei ya mtu wa kawaida.

Basi hili ndilo jawabu la swali lenu. Katika pakiti 400, tuliuza 11 kwa wapita njia. Pakiti 240 tulizifungua pale pale kwa mwenyeji wetu, familia nzima ikatusaidia, tukazifunga upya katika vifuko vidogo na kuviacha kwa maduka matatu ya Karatu, na fedha ya vifuko vilivyouzwa imeanza kurudi. Pakiti 149 zimo ghalani kwetu, zimehesabiwa. Katika zile shilingi milioni 6, tumetumia laki 9 na elfu 40 pamoja na nauli, na nyingine zote zimo benki. Kamati imekubaliana zisiguswe mpaka tujibu kwa maandishi mambo haya: gharama ya kupata alama ya ubora kwa mfuko wa kilo, bei ya pilipili manga na mdalasini kwa wauzaji wa jumla wa Arusha kwa miezi 12 mfululizo, na kama mafuta ya makonyo yaweza kupatikana kwa chupa ndogo kwa njia ya sheria.

Kwa kazi hiyo twahitaji vijana wawili wanaojua Kiingereza na kompyuta. Watakwenda kwanza Maktaba Kuu ya Maisara, kisha SUZA ikiwa tutakubaliwa. Nauli na chakula chao vitalipwa na chama. Yule binti wa Karatu amekubali kuwaelekeza kwa simu, na ameomba malipo yake yawe kilo moja ya karafuu ya daraja la kwanza kwa mama yake. Tumeipeleka.

Anayetaka kutazama risiti za safari aje ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya adhuhuri. Daftari liko kwa mtunza hazina, na ule mchoro wa mstari mwekundu na wa buluu tumeubandika ukutani karibu na mzani.